Nakala ya Pili Ndiyo Iliyoniponza

Wenzangu,

Leo nimejiaibisha Nyansiongo kiasi kwamba nimeambiwa nisikanyage nyumba ile mpaka wazee wakae. Naandika nikiwa Kisii mjini, katika duka la vitambaa la Bwana Kirit, ambako siku hizi kuna kompyuta nyuma ya marobota na mtu anaweza kutuma barua pepe. Soksi zangu bado zimelowa. Habari za soksi zitakuja.

Kemunto mnamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akitukopesha madaftari chuoni na kuyataka kabla hatujamaliza kunakili. Tumekubaliana kuoana. Kwetu wamekubali. Baba yake, ambaye Nyansiongo nzima humwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, naye amekubali, au tuseme hajakataa. Aliyebaki ni mama yake. Mama alimwambia Kemunto kwamba mimi ni kijana mwenye adabu, ila sina kazi na nafikiri kupita kiasi, na kwamba angeweza kuvumilia moja kati ya hayo, si yote mawili. Kwa hiyo mazungumzo ya mahari yakasukumwa mpaka Desemba. "Tuone," alisema. (Hilo "tuone" nimelifikiria tangu Pasaka. Nimelichambua kwa kila upande. Halina upande mzuri.)

Sasa, katika nyumba ile kuna kompyuta. Kaka yake Kemunto aliileta kutoka Nairobi ofisi yao ilipobadilisha mashine. Ndani yake mna mchezo wa kujenga mji. Unaweka barabara, unaweka maji, watu wanahamia, watu wanalalamika, unawaongezea barabara. Mji huo umejengwa kila alasiri tangu mwaka jana, isipokuwa Sabato. Kemunto alinieleza haya kwa sauti ya chini, akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu Mwalimu ni mzee wa kanisa na kuna waumini ambao wangeitisha kikao. (Nyinyi hammjui mtu yeyote Nyansiongo, kwa hiyo nimeamua kwamba nyinyi si watu.)

Majuzi diski ya ndani ya kompyuta ikaanza kulia. Kra, kra. Kaka mtu akatuma diski mpya, na mimi nikaombwa niende kuibadilisha. Nikaona mlango umefunguka. Mtu aliyeuokoa mji mzima hawezi tena kuambiwa "tuone".

Nilijiandaa. Nilinunua disketi mpya na kuzifunga kwenye mfuko wa nailoni, kisha ndani ya mfuko mwingine, mvua ikinyesha. Nilibeba bisibisi za aina zote. Nilivaa soksi zisizo na tundu, kwa sababu nilifikiria uwezekano wa kuambiwa nivue viatu. Na wiki iliyopita nilimtuma Kemunto na maagizo makali: kompyuta isiguswe. Isisogezwe hata kidogo. Isiinuliwe, isifutwe vumbi, isigeuzwe upande. Diski inayolia kra inaweza kukata roho kwa kutikiswa tu, na ikifa kabla sijatoa nakala, mji umekwenda. Nilimfanya Kemunto ayarudie maagizo.

Maagizo yalifuatwa. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nilifika asubuhi, nikapokewa vizuri, nikakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Mama alinisalimia kutoka mlango wa nyuma, akiwa ameinamisha macho, nami nikainamisha yangu. Tukaulizana habari za mvua. Kisha akaondoka. Nikavua viatu bila kuambiwa, nikashika bisibisi.

"Kompyuta iko wapi, Mwalimu?"

"Iko chumbani," alisema Mwalimu.

"Chumba kipi?"

"Chetu."

Ninyi wa Mombasa na Nyeri, hapa niwaeleze. Sisi Wakisii tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Mkwe ana mambo ambayo hayaoni na mahali ambapo haingii, na mahali pa kwanza kabisa ni chumba wanacholala wakwe zake. Hata mtoto wao wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima haingii. Sembuse mimi, niliye kwenye "tuone". Nyumba ikiungua, mkwe anasimama nje na kutoa ushauri.

"Tunaweza kuileta hapa sebuleni," nilisema.

Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliochelewa. "Si ulisema isisogezwe hata kidogo?"

"Nilisema."

"Kemunto aliyarudia mara nyingi. Tumekuwa tukilala tukiwa tumegeukia ukutani, tusije tukaitikisa."

Ningeanza kuyalegeza maagizo yangu mwenyewe siku ya kwanza, wangeniamini katika nini kingine? Kwa hiyo tukakubaliana hivi: chumba upande wa sebuleni hakina mlango, kina pazia. Mimi nitakaa sebuleni, kiti changu kikigusa pazia, mgongo wangu ukielekea chumbani. Nitatoa maagizo. Mwalimu atakuwa ndani, atabonyeza. Disketi zitapita kwenye pazia.

Hilo la mwisho lilinisumbua. Nilimwita Kemunto pembeni.

"Nikipitisha mkono kwenye pazia, nimeingia?"

"Mkono mpaka wapi?"

"Kifundo cha mkono."

"Sidhani."

"Na kiwiko?"

"Makori," alisema, "nenda ukakae." Akaondoka kwenda jikoni, ambako ni kibanda cha nje, kuchochea uji wa wimbi. (Watu hawa wana shamba la chai mpaka mtoni lakini chai yenyewe hawainywi, kwa ajili ya imani. Wanaichuma tu.)

Nikakaa. Nikatazama ukuta wenye kalenda. Nikanyoosha mkono nyuma ya bega, disketi ikiwa vidoleni, nikaurudisha kidogo ili kifundo kisipite, na disketi ikachukuliwa.

"Mwalimu, washa."

Kimya. Kisha: "Imewashwa."

Tukaanza. Lazima niseme kazi ilikwenda vizuri, ila kwa mwendo wa ajabu. Kila nilipouliza jambo, kulikuwa na ukimya, kisha mnong'ono kidogo, kisha Mwalimu akajibu. Nilidhani anajisomea maneno ya kwenye skrini. Wazee husoma kwa midomo.

"Mwalimu, faili la mji unaliona?"

Ukimya. Mnong'ono. "Tunaliona."

Nilifikiri ni wingi wa heshima.

"Mwalimu, kabla hatujanakili, mji umehifadhiwa ulipofika mwisho?"

Ukimya mrefu zaidi. "Umehifadhiwa baada ya daraja."

"Daraja gani?"

Mnong'ono. Mwalimu akakohoa. "Kuna daraja lilijengwa juzi. Lilisumbua sana. Wakazi wa ng'ambo walikuwa hawana hospitali." Akatulia. "Swali: mwaka elfu mbili ukifika, na kompyuta zote zikiharibika kama redio inavyosema, mji utakuwaje?"

"Mji utakuwa salama, Mwalimu. Ndiyo maana ya nakala."

Mnong'ono. "Sawa," alisema. "Tumefurahi."

Nakala ya kwanza ikakamilika. Nilisikia disketi ikisaga, ikanyamaza. Mkono ukaitoa kwenye pazia, nami nikaipokea juu ya bega bila kugeuka, nikaiweka kwenye mfuko wa shati, nikaufunga mfuko kwa kifungo.

Wenzangu, mtu wa kawaida angeishia hapo. Mji ulikuwa mfukoni. Kompyuta sasa ingeweza kusogezwa, kuletwa sebuleni, kufunguliwa mezani, diski mpya ikawekwa, tukanywa uji, nikaenda nyumbani nikiwa shujaa. Kemunto angenipigia makofi. Lakini nilikaa pale nikafikiri: na disketi hii ikiwa mbovu? Disketi mpya huwa mbovu. Nyingine huharibika zikiwa mfukoni bila sababu. Mtu mwenye nakala moja hana nakala.

"Mwalimu," nilisema, "tutoe ya pili."

Ukimya. "Ya kwanza ina kasoro?"

"Haina. Ni kwa usalama."

Mnong'ono uliofuata ulikuwa mrefu, na nilihisi ndani yake neno "anafikiri". Lakini disketi ya pili ilipokelewa, na ikaanza kusaga.

Wakati huohuo jirani alipaza sauti kutoka upande wa boma kwamba ng'ombe wa Mwalimu ameingia kwenye mahindi. Nililisikia hilo vizuri. Katika akili yangu nililiweka kwenye fungu la mambo ya ng'ombe na nikaendelea kuitazama kalenda. Sikufikiria kwamba chumba kile kina mlango mwingine wa kutokea nyuma, wala kwamba mwenye ng'ombe anaweza kuutumia. Siku nzima nilifikiria kila kitu, isipokuwa ng'ombe.

"Mwalimu, imefika nusu?"

Kimya.

Nikangoja mnong'ono. Haukuja.

"Mwalimu?"

Kimya. Halafu nikasikia: kra.

Nikanyooka kwenye kiti. Kra, kra. Haikuwa ile kra niliyosimuliwa, ya taratibu. Hii ilikuwa na nguvu, kama kitu kinachovunjwa. Kra. Kisha mlio kama wa kufyonza. Kra.

"Mwalimu, usiguse kitu. Mwalimu, unanisikia?"

Kra.

Niliyawaza mengi kwa muda mfupi. Niliwaza kwamba diski inakufa. Niliwaza kwamba Mwalimu ameshtuka kwa sababu diski inakufa. Niliwaza kwamba Kemunto aliwahi kuniambia baba yake ana shinikizo la damu. Niliwaza kwamba Mwalimu ameanguka juu ya kibodi, na kwamba kule kufyonza ni pumzi zake za mwisho. Niliwaza nimwite Kemunto, lakini jikoni ni mbali na kuna moshi na redio. Niliwaza juu ya chinsoni, na nikajiuliza kama inamhusu mkwe ambaye baba mkwe wake anakufa. Niliwaza matanga yake, na mimi nikiulizwa mbele ya watu: ulikuwa umekaa umbali gani? Nami nikijibu: nilikuwa nimegusa pazia.

Nikasimama. Nikafumba macho. Nikaingia.

(Nilifumba macho kwa heshima. Naona sasa kwamba halikuwa jambo la msaada.)

Hatua za mwanzo zilikwenda sawa. Kisha mguu wangu ukanasa kwenye waya, waya ukatoka ukutani, na mimi nikapepesuka mbele, soksi zangu zisizo na tundu zikatua ndani ya beseni la maji ya moto, nikaanguka kifudifudi nazo zikiwa humo. Beseni lilikuwa tayari na miguu mingine.

Nikafumbua macho.

Mwalimu hakuwamo. Mbele ya kompyuta alikuwa ameketi mama mkwe. Hakuwa na kitambaa kichwani. Alikuwa na miwani ya kusomea ya Mwalimu puani, mkono mmoja kwenye kibodi, na mkono mwingine umeshika muwa, alioutafuna nusu. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni. Yangu pia. Skrini ilikuwa nyeusi.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alitoa kipande cha muwa mdomoni polepole, akakitazama kama kwamba ndicho chenye makosa, kisha akasema kwa sauti ya upole sana:

"Mwanangu, umeng'oa waya."

"Nimeuona, Mama," nilisema, nikiwa sakafuni.

Alichukua foronya ya mto akajifunika kichwa. Mimi nikatafuta kitu cha kujifunika uso, nikapata ganda la muwa. Katika hali hiyo ndipo Mwalimu alipoingia kwa mlango wa nyuma, na kamba ya ng'ombe mkononi. Na katika hali hiyohiyo ndipo Kemunto alipofunua pazia upande wa pili, na uji.

Ng'ombe peke yake ndiye aliyelia, huko nje.

Nilitoka kwa kurudi nyuma, kwa magoti. Sikujua sheria inasemaje kuhusu kutoka, nikachagua njia iliyoonekana kuwa na unyenyekevu zaidi.

Mwalimu alirudi sebuleni, akakaa. Alikuwa amejaribu kuiwasha kompyuta na nilikuwa nimesikia kupitia pazia: ikawaka, ikalia kra moja, ya kweli sasa, ile ya taratibu, kisha ikasema haina diski. Ilikuwa imekufa. Haikufa kwa kutikiswa; ilikufa kwa kukatiwa umeme ikiwa katikati ya nakala ya pili. Ya usalama.

"Kijana," alisema Mwalimu, "unajua ulichofanya."

"Najua, Mwalimu."

"Wazee lazima wakae. Kabla hawajakaa, huwezi kuingia nyumba hii. Hata hapa ulipo, natakiwa nikuhamishie nje, ila mvua inanyesha." Akafikiri. "Sisi ni Waadventista, hatuchinji mbuzi wa kuondoa mikosi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbuzi wa kawaida tu anaweza kuletwa."

"Ndiyo, Mwalimu." Nikaugusa mfuko wa shati. Kifungo kilikuwa kimeng'oka lakini disketi ilikuwamo. Niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa cha kiti, nikaona angalau niseme neno moja zuri. "Lakini Mwalimu, mji wako uko salama. Nakala ya kwanza ninayo."

Mwalimu akatazama pazia.

"Si wake," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Ni wangu."

Nikakumbuka yote kwa pamoja. Ile minong'ono. "Tunaliona." "Tumefurahi." Daraja. Nikakumbuka kwamba Kemunto hakuwahi, hata mara moja, kusema ni nani anayeujenga. Nilimgeukia. Alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi, ameuma ncha ya leso, mabega yakimtetemeka.

"Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani," alisema alipoweza. "Ungemwambia nani? Na asingeweza kukaa na wewe chumbani mkipanga mafaili."

"Muulize," ilisema sauti ya pazia, sasa ikipitia kwa Mwalimu kama kawaida ingawa wote tulikuwa tunasikia, "daraja limo?"

"Anauliza daraja limo," alisema Mwalimu.

"Limo, Mama. Kama disketi haikupata maji. Nimeiangukia. Inafaa ipimwe kwenye kompyuta nzima kabla ya jambo lolote. Kisha niweke diski mpya, niweke mchezo upya, ndipo niurudishe mji."

"Leo?" iliuliza sauti ya pazia.

"Leo hawezi," alisema Mwalimu. "Nimekwisha kumfukuza."

"Kompyuta ipelekwe kwake."

"Ipite sokoni Jumapili, watu wote wakiiona?"

Kukawa na ukimya. Niliujua ukimya ule; nimeusikiliza asubuhi nzima. Ulikuwa wa mtu anayepanga barabara.

"Wazee wanakaa lini?" iliuliza sauti.

"Si tulisema Desemba," alisema Mwalimu, "wakija kwa mambo ya mahari, wamalize na hili."

"Desemba ni mbali."

"Wewe ndiye uliyesema tuone."

"Nimeona," ilisema sauti. "Nimemwona mpaka soksi. Waje Jumapili ijayo. Mahari na mbuzi siku moja. Akishakuwa mkwe kamili, kompyuta itolewe hapo mezani afanye kazi yake."

Kemunto aliacha kucheka. Mimi nilitaka kuuliza kama hiyo ni ndiyo, au ni ndiyo ya muda, au ni ndiyo kwa disketi na tuone kwa mimi, lakini Kemunto alinikanyaga mguu, ule uliolowa.

Kwa hiyo nimechumbia leo, nikiwa nimefukuzwa.

Nikiwa njiani kuja huku nilishuka Keroka kumwambia baba yangu mdogo, anayeuza mabati pale, kwa kuwa ndiye atakayeongoza msafara wetu. Nilimkuta anapima misumari.

"Jumapili ijayo?" alisema. "Si ilikuwa Desemba?"

"Wamesogeza mbele."

Aliweka misumari chini. "Msichana ana miezi mingapi?"

"Hana, Baba."

"Makori. Mimi si mtoto."

"Kweli hana. Mama yake ndiye mwenye haraka."

"Mama yake. Aliyesema tuone."

"Ndiyo."

"Haraka ya nini?"

Niliapishwa. Nilimtazama yeye, nikayatazama mabati. "Na kuna mbuzi," nilisema.

"Mbuzi wa nini tena?"

"Wa kawaida."

Kisha alimwita mke wake aje asikie, na nilipokuwa naondoka walikuwa wote wawili wameshika kiuno. Kufikia kesho Keroka yote itakuwa inahesabu kwa vidole, na kila Kemunto atakapopita watamtazama tumbo. Nami siwezi kusema neno, kwa sababu neno lenyewe ni daraja.

Disketi inasoma. Nimeipima hapa kwa Bwana Kirit, na faili limo, zima. Nimetoa nakala nyingine. Kisha nyingine. Bwana Kirit ameniuliza kwa upole kama ninaandika barua au ninahamia dukani kwake.

Msinicheke. Na mkishindwa, chekeni mkiwa mbali: mji uko mfukoni, mfuko hauna kifungo, na nimesema usitikiswe.

Makori